Ng'ombe Chini ya Bahari

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya wivu, sina haja ya kuficha. Zuhura, tuliyesoma naye uchoraji, alikuwa amefanya maonyesho mjini. Anachora kwa mtindo wa usurialisti, ule wa kuchanganya vitu vya kweli na vya ndotoni: papa anaogelea kati ya minazi, mwanamke ana nywele za mwani. Watu walisimama mbele ya picha zake wakanyamaza. Mbele ya picha zangu za twiga hupita wakipiga soga. Nikajiambia siri yake iko kisiwani Mafia, kwao, na nitaifuata hukohuko.

Saa mbili asubuhi boti ilitoka Nyamisati. Njiani nilichora mikoko, povu, ndege. Mistari ilikuwa sahihi, lakini haina uhai.

Kutoka bandari ya Kilindoni nilichukua bodaboda hadi Kanga, kijijini kwao. Mama yake Zuhura alikuwa uani anakuna nazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Zuhura! Mgeni wako kafika."

Zuhura alinipokea kwa furaha iliyonitia aibu.

Alasiri akanipeleka kwenye chumba chake cha kazi. Kulikuwa na picha mpya: ng'ombe wamelala chini ya bahari, na juu yao mkorosho umezaa mikono ya watoto.

"Ndoto kama hizi unazipata wapi?"

"Hii sikuiota mimi, Daudi. Uliiota wewe. Ulinisimulia chuoni, ukasema ni upuuzi."

Nikakumbuka. Hata wale ng'ombe niliwakumbuka.

"Basi ni yangu!" Sauti ilinitoka kubwa. Kule uani sauti ya kukuna nazi ikakatika.

Zuhura hakukasirika. "Uliiota wewe. Ila aliyekaa nayo miaka yote hii ni mimi. Nimeichora mara tisa, nikafuta mara nane."



Asubuhi, kabla ya kurudi, nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Zuhura akacheka, akaniuliza, "Haya, umeota nini safari hii?"

Nilitaka kusema sikuota kitu, kama nilivyozoea. Kwenda Kanga kumenifunza kwamba aliyeninyima ndoto zangu hakuwa Zuhura. Nilikuwa mimi, niliyeziona ndoto zangu hazifai hata kalamu. Nikamsimulia ndoto ya usiku ule, naye akasikiliza huku mkono umeshika shavu.

Lakini sikummalizia. Mwisho wake nimerudi nao Dar, na ninauchora mwenyewe.