Kimya Nilichokiita Ridhaa

Nilikuwa katibu wa bodi iliyosimamia ukumbi wa utamaduni pale Babati, pamoja na kikundi cha ngoma kilichofanya mazoezi humo. Vyote vilikuwa mali ya umma. Katiba ya bodi ilikuwa kurasa chache tu, nami niliijua kuliko wajumbe wote kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Kifungu kimoja kilisema ukumbi hautabadilishwa matumizi mpaka mwakilishi wa wasanii apewe nafasi ya kutoa maoni yao mbele ya bodi. Kiliwekwa ili watu wa ofisini wasiwaamulie wachezaji mambo nyuma ya migongo yao.

Mwakilishi huyo alikuwa kiongozi wao wa nyimbo, mwanamke wa uwanda wa Hanang. Familia ya mumewe walikuwa wafugaji waliohamia Mutuka wakaanza kulima. Wenzake walimchagua kwa kuwa hakuogopa mtu. Niliwahi kumsikia akimwambia ofisa mmoja, "Ndugu, ukitaka tucheze na jua hili, nawe simama hapa na suti yako mpaka tumalize."

Kisha wilaya ikamteua baba mkwe wake aingie kwenye bodi kama mjumbe wa wazee. Tangu siku hiyo yule mama akawa mtu mwingine. Kwa desturi yao mwanamke hasemi kikaoni mbele ya baba wa mumewe. Alikaa karibu na mlango, shuka imefika kwenye paji la uso, macho ukutani.

Ilikuwa miaka ile ya shida, sabuni na sukari kwa foleni. Mahindi ya msaada yakaletwa wakati wa masika, ghala likajaa, magunia mengine yakawa yananyeshewa nje. Mwenyekiti wetu akaamua yaingizwe ukumbini, akaitisha kikao.

Asubuhi ya kikao yule mama alikuja ofisini kwangu.

"Ndugu Katibu, mahindi hatuyakatai. Nasi tunakula. Wachukue jukwaa na vyumba vya nyuma, watuachie sakafu ya mbele. Tukikosa pa kufanyia mazoezi, kikundi kimekufa. Lakini mimi sitaweza kulisema hilo mzee akiwa amekaa pale. Nisemee."

"Katibu hachangii hoja, Mama. Mimi naandika tu."

"Basi mwombe mzee atoke kidogo."

"Nitaona."

"Usione. Fanya."

Wazo lake lilikuwa zuri, na nililiona hivyo pale pale. Lakini nilikuwa nimeanza kujenga nyumba yangu kule Singe, kuta zimeshasimama, na mabati hayakupatikana bila kibali. Aliyesaini vibali alikuwa mwenyekiti yule yule.

Kikaoni mwenyekiti alieleza hali ya magunia. Mjumbe mmoja akauliza, "Na tukishashiba, Ndugu Mwenyekiti, tutacheza wapi?"

"Mkishiba mtacheza hata barabarani. Hayo mahindi nayo hayana kelele, majirani watapumzika."

Watu wakacheka. Mzee wa Mutuka hakucheka. Alikuwa ameegemea fimbo yake, akiniangalia mimi, na sikuelewa kwa nini.

"Mwakilishi wa wasanii ana neno?" mwenyekiti akauliza.

Yule mama aligeuza uso akanitazama. Niliinamia karatasi. Ukapita muda mrefu, mtu akakohoa.

"Kimya ni ridhaa," mwenyekiti akasema. Nikaandika kwamba mwakilishi hakupinga.

Wachezaji walilalamika, na mwanasheria wa serikali akatumwa kutoka Arusha. Alifika na vumbi hadi kwenye nyusi, maana alikuja juu ya lori. Aliketi mbele yangu akauliza maswali machache.

"Mwakilishi wao alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Alipewa nafasi ya kusema?"

"Alipewa."

"Na akasemaje?"

"Hakupinga."

"Basi utaratibu ulifuatwa," akasema, akafunga kalamu yake.

Yeye sina la kumlaumu. Aliletwa asimamie sheria, na mimi nilimpa majibu yaliyotosha sheria. Angeniuliza kwa nini hakusema, sijui ningemjibu nini. Wala sitajifariji kwamba ningemwambia ukweli.

Wachezaji walihamia uwanjani karibu na soko, wakanyeshewa, ngozi za ngoma zikalegea. Mmoja mmoja waliacha kuja. Mahindi yalipokwisha, ukumbi ulirudishwa, lakini hakukuwa na kikundi cha kurudi. Mabati nilipata.

Muda ulipita, nikakutana na yule mzee mnadani. Nilimwamkia, akaitika, kisha akaniuliza, "Kijana, wale watu walitaka nini hasa?"

"Walitaka waachiwe sakafu ya mbele, mzee."

"Nusu tu? Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Alitema tumbaku yake. "Ungeniambia, 'Mzee, toka ukanyooshe miguu.' Ningetoka. Kwetu mtu huambiwa hivyo, wala si aibu. Kujiinukia mwenyewe ndiko siwezi, ningekuwa nimewasusia. Nilikaa pale nikingoja uniambie. Hukuniambia. Nikasema, basi huyu binti hana neno."

Nilimtafuta mkwewe siku chache baadaye. Alikuwa sokoni akiuza maziwa. Nilimweleza aliyoyasema mzee, nikamwambia kosa lilikuwa langu, si la mwenyekiti wala la desturi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na nadhani yangenipa nafuu.

"Nilijua angetoka," alisema. "Ndiyo maana nilikuomba."

Kisha akaniuliza kama nanunua maziwa au sinunui, kwa kuwa nyuma yangu kulikuwa na watu wanaosubiri.