Mwambie Tumehama

Ndalahwa alirudi kwao akakuta kijiji hakipo.

Palipokuwa na nyumba palikuwa na majani ya kufika kiunoni. Yale mawe makubwa ya tangu utoto wake yamekaa tu, kama hayana habari.

Ilikuwa mwaka 1976. Ndiyo kwanza ametoka Bulgaria, miaka sita akisomea mitambo ya kuchambua pamba. Barua za nyumbani zilikatika zamani. Basi lilimshusha Kisesa asubuhi, akashika njia kwa miguu, sanduku kichwani, koti la baridi begani, jua linawaka.

Ulaya aliionja kweli. Alichuma zabibu shambani akala mpaka meno yakafa ganzi. Theluji ya kwanza aliitokea nje bila viatu, akacheka peke yake.

Lakini pia aliumwa homa wiki nzima asipate wa kumuuliza umeamkaje. Kwenye tramu, treni ya mitaani, watoto walimsugua mkono waone kama rangi inatoka. Jumapili alijifungia chumbani, anaongea Kisukuma na kioo asije akakisahau.

Sasa yuko kwao, na kwao hakuna.

Akaona mama mmoja ameketi kwenye msingi wa nyumba iliyobomolewa. Sanduku likamponyoka.

Alikuwa mama yake mzazi.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, baba. Umepotea njia?"

Akadhani macho ya mama ndiyo yamechoka. Akapiga magoti mbele yake.

"Mayu, ni mimi. Nimetoka Bulgaria."

Uso wa mama ukachangamka.

"Huko ndiko aliko mwanangu Ndalahwa. Unamfahamu?"

Kabla hajajibu, mama akaendelea.

"Ukirudi huko, mwambie tumehama. Tumepelekwa kule barabarani, kijiji kipya. Asihangaike. Mimi nipo hapa, namngoja nimwonyeshe njia."

Ng'washi, dada yake, akatokea na kibuyu cha uji. Alipomwona kaka yake alikaa chini palepale, akalia.

"Siku ya kuhamishwa alikataa kupanda lori," alimweleza baadaye. "Alisema mwanangu anaijua nyumba hii tu, akirudi atatukuta wapi? Wakambeba, lakini kila kukicha anarudi hapa kwenye msingi. Tangu hapo akili ikaanza kumtoka kidogo kidogo. Majirani aliwasahau, mimi akanisahau. Jina lako tu limebaki."

Jina limebaki, sura imekwenda.

Mwanzoni Ndalahwa alibishana naye. Alimwonyesha kovu la gotini, alilolipata utotoni akichunga ng'ombe. Mama akaogopa, akaanza kupiga kelele kwamba kuna mtu anataka kumwibia mwanawe.

Akaacha.

Alipangiwa kazi Mwanza mjini. Kila mwisho wa juma alipanda basi, akaenda kukaa naye pale kwenye msingi.

"Mwanangu anakula huko?" mama anauliza.

"Anakula, mayu. Zabibu mpaka anachoka."

"Baridi je?"

"Ana koti zuri."

"Ananikumbuka?"

Hapo alikuwa anatazama pembeni kwanza. "Hana siku anayokusahau."

Mama anatabasamu. Anamshika mkono, kwa upole, kama unavyomshika mtoto wa watu.

Masika yaliyofuata Ndalahwa alifika akakuta watu wamejaa uani kwa Ng'washi, kijiji kipya. Mama amefariki.

Ng'washi alimvuta kando.

"Jana ameacha ujumbe," alisema. "Amesema yule kijana mgeni anayekuja kukaa naye ni mtu mwema sana. Amesema, mwambie mimi nimechoka. Anisaidie kumngoja mwanangu."

Ndalahwa alichukua jembe, akaenda kuchimba kaburi pamoja na wenzake.

Wewe uliye nchi za watu, furahia, hakuna anayekukataza. Ila uliowaacha nyumbani nao wako safarini, na wengine wanafika mbali kuliko wewe. Rudi wakati bado kuna mtu wa kukujua usoni.