Steji Aliyoisogeza Kioko

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti cha plastiki, kofia na kibofyo cha kuhesabia, nikawekwa kando ya barabara pale Mlolongo nihesabu magari. Kiti cha pili alikikalia Kioko, naye akianza siku hiyo hiyo. Tulikula vumbi sawasawa. Laiti tungebaki sawa!

Nyinyi vijana mna kamera. Sisi tulikuwa na macho. Na si kubofya tu. Lori ni zito na huondoka polepole, kwa hivyo tulilihesabu kama magari madogo kadhaa. Hapo ndipo ulipojua uwezo wa barabara, yaani magari mangapi yanaweza kupita kabla foleni haijaanza kurefuka.

Baadaye tuliingizwa ofisini kujifunza modeli. Barabara unaijenga ndani ya kompyuta, unairekebisha mpaka foleni ya humo ifanane na ile ya nje. Mhandisi Mkuu akatupa makutano yale yale ya Mlolongo. "Kila mtu alete dawa yake," akasema. "Itajengwa moja."

Mimi nilichora njia ya ziada. Niliipenda ile njia, aki. Kioko alisogeza steji, pale matatu zinaposhushia abiria, mbali na taa za barabarani, basi. Hata kuchimba hakuchimba!

Mhandisi Mkuu alitazama zote mbili, akanigeukia. "Mumbua, wewe umepanua chupa. Kioko ametoa kizibo."

Angekuwa amehonga, ningepata la kusema. Lakini alikuwa sahihi, na hilo ndilo sijamsamehe mpaka leo. Jioni akaniletea soda. "Dada, hii kazi ni yetu sote." Yetu na nani? Soda nilikunywa, chupa nikamrudishia.

Sasa nimestaafu, niko na shamba langu Kithimani. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi wala sijakonda. Mwanangu akinipeleka kliniki Nairobi, njia yetu ni ya Thika, lakini namlazimisha azunguke Mlolongo. Nachagua mwisho wa mwezi, tena siku ya mvua, nione tu pakikwama. Hata mara moja hapajakwama!

Juzi tulifika pale mvua ikimwagika. Magari yalikuwa yanatiririka tu, hakuna hata honi.

"Wah! Mwaitu," akaniita mwanangu, "si wewe ulifanya kazi huku? Hapa palitengenezwa na nani? Huyo mtu anajua kazi."

"Simjui," nikamwambia. "Endesha gari."