Mtani Aliyebeba Visahani vya Baba

Haijanitoka, mwanangu, siku niliyomwona mkubwa mmoja akizima sigara ndani ya kisahani cha marehemu baba yangu. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake, mikono nyuma, nimekwenda kuomba chaki za darasa la watu wazima. Akavuta, akapuliza, akakisokomeza kipande cha sigara katikati ya umanjano wa ndani yake, akakisaga kwa kidole kama anaua kunguni. Nywele zimekuwa nyeupe zote, lakini nikikumbuka masikio bado yanapata moto. Basi keti nikusimulie, na usiniambie "bibi, punguza hasira." Hasira hii sijaimaliza, na sina mpango wa kuimaliza leo.

Baba yangu, Mzee Ramadhani Kasanda, alikuwa mhudumu wa behewa la chakula kwenye treni. Koti jeupe, sinia mkononi, treni inayumba kuelekea Kigoma na yeye hamwagi tone la chai. Baada ya uhuru Wazungu wengi walianza kufungasha, na vitu vyao vikawa vinauzwa kwa bei ya bure au kuachwa barazani. Wenzake walikimbilia magodoro, baiskeli na redio. Baba alirudi nyumbani Ng'ambo, hapa Tabora, na visahani vya majivu ya sigara.

Usicheke. Hata mama alicheka, akashika kiuno akamwuliza, "Baba Zuhura, wewe sigara huvuti. Hivi vya nini?" Baba akakifuta kimoja kwa kanga ya mama mwenyewe, akakiweka dirishani kwenye mwanga. Kilikuwa cha kauri, umbo la jani lililopinda, nje cheusi kama masizi na ndani cha manjano ya kiini cha yai. Akasema, "Mtu aliyekaa chini akatengeneza pahali pazuri namna hii pa kutupia uchafu, huyo ni mtu wa kuheshimiwa."

Tangu hapo hakuacha. Kila safari alirudi na macho yanatafuta. Vilikuwa vya mtindo uliotoka Ulaya baada ya ile vita kuu ya pili, wakati mafundi wao walipochoka na maua na dhahabu za zamani. Kimoja kilikuwa na pembe tatu zilizolainishwa, kingine kimepinda kama figo ya mbuzi, kingine cheupe chenye mistari myembamba iliyochorwa na mkono usiotetemeka. Kabla ya kukichukua alikigeuza kwanza kutazama mhuri wa kiwanda chini ya kitako, kisha akakigonga kwa ukucha kusikiliza kama kina ufa. Kimoja alikipata kwa mwenye duka Mhindi pale mjini kwa kubadilishana na kopo la asali. Kingine alikichukua Igalula, kwa mkuu wa stesheni, kikiwa kimemeguka ukingo. Hakukiziba. Alisema kilema si aibu, aibu ni kujifanya hukuanguka.

Fundi seremala akamtengenezea rafu ya mninga ukuta mzima wa sebuleni, na vikapangwa pale vimeachiana nafasi, kila kimoja na mahali pake. Nchi yetu hii ni ya tumbaku, wavutaji hawakosekani. Mgeni akitoa sigara na kunyoosha mkono kwenye rafu, baba alimsogezea kopo tupu la maziwa. Wengi walinuna. Walisema mzee ana kasumba ya kizungu, nchi imeingia kwenye ujamaa na yeye anatunza takataka za mabwana. Naye aliwajibu kwamba bwana alitupa, yeye ameokota, sasa kasumba ni ya nani? Nilimpenda baba yangu kwa jibu hilo.

Kifua kikamwua, katika miaka ile ambayo watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vipya. Mama akaingia eda. Ndipo watani walipokuja, na hapa, mwanangu, fungua masikio, maana ninyi wa siku hizi utani mnausikia tu.

Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Katika msiba mtani ana ruhusa asiyokuwa nayo ndugu wa damu. Atazuia jeneza mlangoni, atamwigiza marehemu, atavaa nguo zake, atawatukana wafiwa mpaka wacheke huku machozi yanatoka. Anaweza hata kushika kitu cha marehemu akasema sikitoi mpaka mnikomboe, mkampa jogoo au unga, akarudisha. Na wewe mfiwa huna ruhusa ya kukasirika. Mtani hakasirikiwi. Aliyekasirika ameaibisha ukoo wake.

Palikuwa na Mzaramo mmoja akiitwa Kondo, mtunza ghala mjini, mtu wa maneno, suruali imepigwa pasi hata siku ya Jumapili. Siku ya kuondoa matanga alitoka chumbani amevaa koti jeupe la baba, sinia kichwani, anayumba kama yuko kwenye treni. "Chai, mheshimiwa? Sukari hakuna, tunajitegemea!" Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Nikachungulia ndani kwa mama. Mama yangu, ambaye tangu mazishi hakuwa ameinua uso, alikuwa anacheka amejiziba mdomo kwa kanga. Nikasema Mungu ambariki Kondo.

Halafu akaingia sebuleni na kapu. Akatoa visahani rafuni kimoja kimoja, akavizungushia nguo, akavipanga kapuni, akalitwika kapu kichwani. "Babu zenu walikuwa wapagazi," akapiga kelele. "Leo mpagazi ni mimi! Nabeba mzigo wa Unyamwezi nashuka nao pwani! Anayeutaka aje na jogoo!" Watu wakapiga vigelegele. Nami nilipiga pia. Ule ulikuwa utani na ulikuwa mtamu.

Arobaini ilipofika, baba mdogo akapeleka jogoo mwekundu na kapu la mchele. Kondo akapokea mbele ya watu, akachinja, akala, akajilamba vidole. Visahani havikuja. Wiki ile hakuna, wiki iliyofuata hakuna. Kila alipokutana na mmoja wetu alicheka tu: "Wanyamwezi kwa haraka! Mzigo bado uko njiani." Mama alikuwa bado yuko eda, ameketi mbele ya rafu tupu. Kila nilipotoka aliniuliza, "Zuhura, vimekuja?" Hakuuliza kitu kingine. Alitaka kumaliza eda yake rafu ya mumewe ikiwa vilevile alivyoiacha, basi.

Ndipo nilipokwenda kuomba zile chaki. Sasa umenielewa kwa nini nilisimama kama gogo. Yule mkubwa alikuwa anazungumza kuhusu unyonyaji, mwanangu. Unyonyaji! Ananieleza mimi jinsi watu wachache wanavyokula jasho la wengi, huku majivu yanaanguka ndani ya kitu ambacho baba yangu hakukiruhusu kuguswa na hata kiberiti. Nikauliza kwa adabu kisahani kile kizuri amekipata wapi. Akasema amepewa zawadi na Kondo wa ghalani, kijana mwema sana, alikuwa ahamishiwe kijiji cha mbali huko porini lakini wamemwona anafaa kubaki mjini.

Nilitoka pale bila chaki. Nilitembea mpaka nyumbani nikiongea peke yangu barabarani, watu wananipisha.

Baba mdogo nilimkuta anakunywa uji. Nilipomaliza kumweleza, akasema, "Mtani hakasirikiwi, Zuhura." Nikamwambia baba mdogo, huyu amehonga mali ya ndugu yako. Akarudia, "Mtani hakasirikiwi. Ukienda kumgombeza utasema nini kwa watu? Kwamba binti wa Kasanda hajui utani?" Akarudi kwenye uji wake. Yule mwizi alijua hivyo, ndiyo maana alichagua mlango ule. Mwizi wa usiku huhangaika na kufuli. Huyu sisi wenyewe tulimfungulia, na vigelegele tukampigia.

Nikaenda kwa Bi Mwanahawa. Huyu alikuwa bibi wa Kizaramo, mkubwa wa watani wote pale mjini, aliyeletwa Tabora na mume wa reli enzi hizo, na alikuwa akikaanga vitumbua kwenye kona ya Ng'ambo. Nilimpa shikamoo, nikamwambia yote. Alikuwa anageuza vitumbua, akaacha. Vikaungua mbele yetu, harufu ikapanda, hakuvitazama.

"Jogoo mlimpa?" akauliza.

"Tulimpa, bibi. Na mchele."

"Akala?"

"Akala mbele ya watu."

Akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akatangulia. Kondo alikuwa kibarazani anacheza bao na wanaume wenzake. Alipomwona bibi akaruka kwa adabu. "Shikamoo, bibi yangu."

"Kaa nayo," akasema Bi Mwanahawa.

Mwanangu, unajua maana ya mzee kukataa kuitikia shikamoo? Mkono wa aliyekuwa anasambaza kete ulibaki hewani.

"Visahani vya Kasanda viko wapi?"

Kondo akajaribu kucheka. "Bibi nawe! Si utani tu na hawa wapagazi..."

"Nyamaza. Utani unaujua wewe? Wapagazi hao unaowataja walipita kwenye mashamba ya babu zetu wana njaa, wamebeba pembe za ndovu za matajiri. Walikuwa wanang'oa muhogo na hakuna aliyewaita wezi. Kwa nini? Kwa sababu njia ni ileile, mtu atapita tena, na safari ya kurudi atakaa na wewe mle wote. Anayechukua kwa utani ni yule atakayerudi. Wewe umechukua kwa mjane, mtu aliyefungwa ndani hawezi hata kukufuata, ukaenda kujinunulia kiti cha mjini. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, Kondo, na usaha huu umetuchafua Wazaramo wote. Mimi Wanyamwezi nitawatania kwa mdomo upi? Sasa sikiliza. Usiporudisha, siku ukifa hakuna mtani atakayefungua mdomo kwenye msiba wako. Nimesema mbele ya hawa wote."

Kondo alizunguka mji ule kama kuku aliyekatwa kichwa. Alirudisha kapu likiwa halijafika nusu. Vingine vilikuwa na alama za moto zisizotoka, vingine vimekwenda Dar es Salaam na wakubwa, vingine alisema havikumbuki. Kile cha jani hakikurudi. Nani angethubutu kukidai juu ya meza ile? Bi Mwanahawa alilipokea kapu, akahesabu kwa macho, akamwambia, "Hujarudisha," akamfungia mlango.

Mama alivisugua vilivyorudi kwa maji ya moto na limau, akavipanga rafuni palepale vilipokuwa, na mapengo akayaacha wazi. Nilidhani atalia kwa vilivyopotea. Hakulia kwa hivyo. Akasema, "Siku ile alipovaa koti la baba yako nilicheka, Zuhura. Nilicheka kweli, nikaona mzigo umepungua. Sasa nikikumbuka kicheko chenyewe kinanichefua." Ndipo akalia, na mimi mpaka leo sijui dawa ya kumpa mtu aliyeibiwa kitu kama hicho.

Miaka ikapita. Mama alitangulia, Bi Mwanahawa akatangulia, baadhi ya vijiji vile vipya vikabaki mahame. Kondo akafa hapahapa Tabora. Tulikwenda, maana maiti hasusiwi. Wanaume wetu walichimba kaburi, sisi tukatwanga na kupika, tukaleta kuni. Lakini hakuna aliyezuia jeneza, hakuna aliyevaa kofia yake wala kumwigiza alivyokuwa akitembea na suruali zile za pasi. Mjane wake alikuwa ameketi mkekani anatutazama mmoja mmoja. Mwisho akasema, kwa sauti ndogo, "Watani, mbona mmenyamaza?"

Nilimhurumia yule mama, Mungu shahidi. Hakunikosea kitu. Nilitafuta neno hata moja la kumchekesha, nikafungua mdomo, halikuja. Tukamzika Kondo kimya, kama mtu asiyekuwa na mtani duniani.

Basi, mwanangu, unaponijia na simu yako, umempiga picha mfiwa wa watu anajigaragaza kule Itetemia, umeitupa huko mnakotupia picha zenu, halafu unaniambia "bibi, ni utani tu", usishangae nikiinua fimbo. Utani si kibali cha kuumiza. Ukichukua cha mtu kwa mzaha, kiwe kitu, kiwe jina lake, kiwe chozi lake, kirudishe kabla hajakidai. Asiyeweza kujibu usimtanie, mchekeshe. Na ukimwona mwenzako anaiba huku anacheka, usisubiri wa upande wa pili akasirike, mkanye wewe wa kwao, mapema, mbele ya watu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nami hasira nimeitunza miaka yote hii ili nikupe wewe sehemu yake, uwe nayo mkononi siku utakapoihitaji.

Haya, nenda kafute ile picha, kisha upite kwa yule mfiwa ukamwombe radhi kwa magoti. Mola akujaalie ulimi unaochekesha bila kunyang'anya, akupe watani wa kukulilia na kukucheka siku yako ikifika, na asikuzike kimya. Amina.