Herufi Moja Katika Jina la Barahuta

Siku yangu ya kwanza kazini, katika tawi la benki pale Biharamulo, niliapishwa kutunza siri za wateja hata kabla sijaonyeshwa kiti. Nilikuwa mtoto wa wakulima wa Nyarubungo, na Kiswahili changu kilikuwa cha shuleni. Meneja alinisikiliza nikisoma kiapo, akanionya nichunge r na l, maana sisi Wasubi huzichanganya. Nilicheka. Baadaye nikahamishiwa Ngara, kuwa karani wa akaunti mpya.

Mgeni kutoka nchi nyingine hakufungua akaunti kirahisi siku zile. Alitakiwa kuwa na kibali cha ukaazi, barua ya ofisi ya wilaya na wadhamini wawili. Kisha alitia sahihi mara tatu kwenye kadi ya sahihi, ambayo tuliilinganisha na sahihi yake mpya kila alipokuja kuchukua fedha.

Barahuta alikuwa fundi cherehani, mkimbizi kutoka Burundi aliyeishi Kirushya. Ushirika ulimpa kazi ya kushona sare za shule na kumlipa kwa hundi, ndiyo maana alihitaji akaunti. Karatasi zote alikuwa nazo. Ila fomu ilipouliza anwani ya nchini kwake, mkono wake ulisimama. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama benki ingepeleka barua kule. Nikamwambia haipeleki. Aliacha mstari ule wazi, nami sikumlazimisha.

Vita vya Kagera vilipoanza, mgambo walikagua karatasi za watu barabarani, na sisi tukaagizwa kuorodhesha wateja wote wa kigeni. Nilipiga chapa orodha ile harakaharaka nikaikabidhi polisi. Baada ya siku chache, mkulima wa Kirushya aliyekuja kuweka akiba alinieleza kwamba fundi wao amekamatwa. Kibali chake kilikuwa na jina moja, orodha ya benki ilikuwa na jina jingine, na mtu mwenye majina mawili wakati wa vita alihesabiwa jasusi.

Nilitafuta nakala ya orodha. Nilikuwa nimeandika Balahuta.

Nilifikiria kazi yangu kwanza, nakiri, kisha ndipo nikamfikiria yeye. Nilimweleza meneja wetu wa Ngara, mtu mkimya, nikamwomba niipeleke kadi ya sahihi kituoni.

"Kadi haitoki humu," alisema. "Wewe unaweza kutoka. Nenda ukaseme."

Njia nzima niliogopa kuulizwa kwa nini namtetea mgeni. Mkuu wa kituo alinisikiliza bila kuinua kichwa.

"Nitajuaje kwamba hukulibadilisha makusudi ili kumficha?"

"Hutajua, afande, mpaka uje uone mwandiko wake mwenyewe."

Alinifanya niandike maelezo na kuyatia sahihi, akaniweka kwenye benchi hadi alasiri. Nilikuwa na hakika kwamba mimi ndiye nitakayefuata kuingizwa ndani. Hatimaye aliandika barua ya kuomba kuiona kadi, tukaenda naye benki. Aliiweka kando ya kibali, akasoma sahihi zote tatu. Zote zilisomeka Barahuta, sawa na kibali. Kesho yake Barahuta aliachiwa, amekonda, shati limechanika begani. Mimi nilipewa barua ya onyo, na kwa miaka mingi wenzangu walipandishwa vyeo wakiniacha palepale.

Sasa nimestaafu. Vijana wa benki wakiniuliza kazi ile ilihitaji nini, wanatarajia niseme hesabu. Nawaambia nilikuwa nikimsomea kila mteja jina lake, herufi moja moja, hata waliponichoka.

Vita vilipokwisha, Barahuta alikuja na mkewe kumfungulia akaunti. Karani mwenzangu hakuwa na mteja, lakini wao walisimama kwenye foleni yangu. Nilimwomba radhi. Aliitikia kwa kichwa tu, akamsogeza mkewe mbele. Mpaka leo sijui kama alinisamehe, au alitaka tu jina la mkewe liandikwe na mtu aliyejifunza kuogopa kukosea.