Nyumba Katikati ya Barabara

Mji mzima ulikuwa juu ya meza ya Mzee Gundi. Jina hilo alipewa na wenzake wa ofisi ya mipango miji, maana vidole vyake havikuwahi kukosa gundi tangu ujanani. Kila nyumba aliichonga kwa mbao nyepesi, ndogo kuliko kiberiti, akaibandika mahali pake. Wakubwa wakitaka kujua ghorofa jipya litawanyima jua akina nani, walishusha taa pembeni mwa meza wakasoma vivuli. Nyumba ikibomolewa mjini, na mezani inang'olewa. Ndiyo kazi yenyewe.

Ila moja ilimshinda, nayo ni yake mwenyewe. Ilipitiwa na barabara mpya, ikabomolewa, akahamia mbali. Binti yake, aliyeondoka kwa hasira baada ya kugombana naye, hakujua kwingine pa kumtafuta. Akirudi atakuta lami tupu. Wazo hilo lilimtesa mzee wa watu, chakula hakishuki, usingizi wa mang'amung'amu. Basi alipoipaka barabara rangi pale mezani, aliizunguka nyumba kwa brashi, akaiacha isimame katikati, kaidi kama mwenyewe.

Siku mji huo ulipotakiwa ukumbini wananchi wautazame, bosi, mwanamke asiyepitwa na kitu, aliinama.

"Mzee wangu, hii nyumba inatafuta nini barabarani?"

"Imenipitia tu, mama."

"Itoe basi. Watu watatucheka."

Aliing'oa kwa patasi, taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba. Chini yake ubao ulikuwa mtupu, hauna rangi. Umbo la nyumba likabaki palepale, pamoja na kijipembe cha jiko alilomjengea marehemu mkewe.

"Paka rangi hapo," bosi akasema.

"Rangi imekwisha."

Kopo lilikuwa miguuni pake, limejaa pomoni. Bosi aliliona. Akamtazama mzee usoni, kisha akaenda zake.

Watu walipojaa ukumbini, mzee hakubanduka mezani. Kila alipoingia mwanamke kijana, moyo ulimruka. Hakuwa yeye. Watu wakipungua, mama mmoja akaweka kidole kwenye lile pengo.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Kwangu," mzee akasema. "Binti yangu akija kuulizia, mwambie nipo. Mwambie hata sikumbuki tuligombania nini."