Nilifukuzwa kazi ya malori Lamu kwa sababu ya shahada

Wakuu, salamu. Hasa nyinyi mnaosoma huu uzi kazini huku bosi akidhani mnatafuta faili.

Kuna jambo nimelikana tangu ujana hadi mvi. Kila ninapoulizwa kama ni kweli niliwahi kufundishwa lori kule Lamu, nasema hapana, huyo alikuwa binamu yangu. Sina binamu wa namna hiyo. Ni mimi. Sijaongeza chumvi hapa. Yenyewe ilikuwa baharini tayari.

Miaka ya sitini, Uhuru bado mbichi, nilitoka chuo kikuu na kichwa kikubwa kuliko masomo yaliyokuwemo. Kwetu ni bara, milimani. Nilikataa ualimu mbele ya ukoo mzima. Baba hakugomba. Alisema tu, "Nenda. Lakini ukirudi bila kazi, utaolewa na nitakayemchagua."

Wote tulimjua. Mgane mmoja mwenye kinu cha kusaga mahindi, akikohoa unatoka unga.

Basi nikapata ukarani kwenye kampuni mpya ya malori. Tawi la Lamu.

Nikafika Amu, ndivyo wenyewe waitavyo Lamu, na sanduku langu. Wakuu, mji hauna gari. Hata moja! Vichochoro vyenyewe, punda wawili wakikutana lazima mmoja awe na adabu. Nikamuuliza aliyekuja kunipokea, "Malori yako wapi?"

Akanyoosha kidole baharini. "Ng'ambo, Bi. Mokowe."

Huyo ndiye Bwana Athmani, dereva mkuu, Mwamu wa kuzaliwa. Dereva wa lori aliyevaa kanzu nyeupe pe, na sikuwahi kuiona na doa la grisi. Mpaka leo sijui alifanyaje.

Orientation ilianza ofisini, ghorofani. Nilitarajia kuonyeshwa makabati. Bwana Athmani akaweka kiti katikati ya chumba, akaniketisha, akanipa sinia la pilau. Tupu.

"Shika."

"Nishike nini?"

"Usukani, Bi."

Mwiko ukawa gia. Makubadhi yake mawili sakafuni yakawa klachi na breki. Nikaendesha sinia lile asubuhi nzima, jasho likinitoka, majirani wakinitazama kutoka dirisha la pili.

"Huyo mgeni ana nini?" akauliza mwanamke mmoja.

"Mwate," yaani mwache, akajibu mwenzake. "Yuwaenda Mombasa."

Uvumilivu ukaniishia. Nikauliza karani na lori wapi na wapi.

"Wewe ni mtu wa bara, sivyo?" akasema Bwana Athmani. "Ndiyo kazi yako hiyo. Lori hukaa gatini, kwenye mteremko, lishushe mizigo mashuani. Ijumaa sote twavuka kuya kuswali. Mai yakiyaa, bahari ikapanda gatini, ni nani wa kulirudisha nyuma? Karani wetu wa kwanza alikuwa Mkristo. Akaoa hapa, akasilimu. Sasa naye Ijumaa hayuko."

Yaani nimechaguliwa kwa sababu siendi msikitini! Vitabu vyote vile!

Sasa, mtu wa kawaida angesema digrii. Mimi, mpenda Kiswahili sanifu, nikainuka na sinia langu mkononi nikatamka, "Bwana Athmani, mimi nina shahada!"

Akanitumbulia mato, kama wasemavyo wenyewe. "Wallahi?"

"Niliipata chuoni."

"Chuoni! Na hawakutwambia!"

Akafurahi, akanipa hongera, kisha akakunja uso kama aliyepewa zawadi asijue aiweke wapi. Akasema atamweleza meneja aliyeko Mombasa, aletwe mtu mwingine wa lori.

Nami nikaelewa nini? Nimepata msaidizi. Shahada imefanya kazi yake.

Siku zilizofuata zilikuwa asali. Wapagazi walinisalimu kwa heshima. Mama wa dirisha la pili akaniletea mahamri: "Hongera kwa shahada, Bi." Nikasema moyoni, huu ndio mji unaothamini elimu. Hakuna aliyenirudisha kwenye sinia.

Ijumaa, Bi Zena, mkewe Bwana Athmani, akanialika kwake. Nikaenda nimejipamba, nikidhani ni chakula. Akaniwekea birika la maji na mkeka safi.

"Tia udhu, mwanangu, tuswali."

"Mimi?"

"Si una shahada?"

Wakuu! Mji mzima ulikuwa umenipongeza kwa kusilimu. Kwa watu wa pale, shahada ni tamko la kuingia Uislamu, na chuo ni mahali pa kusomea Kurani. Nilikuwa nimetoa ushahidi wangu mwenyewe, kwa ufasaha.

Nikajaribu kueleza. Bi Zena akasikiliza hadi mwisho, mkono mdomoni. Kisha akauliza swali moja tu, polepole:

"Basi, mwanangu, lori liko na nani?"

Halikuwa na mtu. Yule wa kuletwa na meneja alikuwa hajafika.

Siku hiyo maji yalikuwa ya bamvua, yale yanayojaa kupita kawaida, na khatibu alikuwa na mengi ya kusema. Tulipovuka Mokowe, lori lilikuwa baharini hadi kwenye taa za mbele, limetulia kama nyati anayeoga. Bwana Athmani alisimama gatini kanzu ikimlowa. Maji yalipotoka wapagazi wakalivuta kwa kamba, likitapika kaa.

Jioni ikaja taarifa ya meneja: karani arudi kwao. Nikafunga sanduku. Usiku ule nilisikia kile kinu cha mgane kikisaga kichwani mwangu.

Nilichojifunza nakiweka hapa katikati, maana mwisho si wangu. Ukifika kwa watu, uliza kwanza neno lako lina maana gani kwao kabla ya kujisifu nalo. Na mkisifiwa sana kazini, ulizeni ni kwa lipi. Je, nani mwingine hapa aliwahi kuponzwa na Kiswahili chake? Msinyamaze, msiniache peke yangu na aibu hii.

Asubuhi yake meneja akapiga simu posta, tukaitwa. Bwana Athmani akaongea kwanza, mgongo amenigeuzia. "La, Bwana... Ni mimi niliyefahamu sivyo... La, Bi hakusema uwongo. Alisema Kiswahili." Akanipa mkonga wa simu.

"Bi," meneja akasema, sauti ikikatika, "injini imekufa, naleta lori jingine. Nijibu kwa maneno ya kawaida, usinipambie. Ijumaa ijayo utakuwa wapi?"

"Mokowe, Bwana. Ndani ya lori."

Waya ukavuma.

"Basi fungua hilo sanduku," akasema, akakata.